Kabla ya "hatujambo", mtoto aulizwe "hujambo"

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua tuzungumze na walimu wa darasa la awali, walezi wa vituo vya kulelea watoto mchana, na wazazi wanaowaacha watoto hapo alfajiri ili wawahi kazini. Hoja yetu ni moja: mtoto hujijua kwa kujibiwa. Hazaliwi na "mimi" aliyekamilika. Huyo "mimi" hujengwa siku hadi siku na watu wanaomtazama, wanaomwita kwa jina, wanaomuuliza kitu na kusubiri atoe jibu lake mwenyewe. Mtoto asiyejibiwa anaweza kushiba, kurefuka na hata kuimba A hadi Z, huku ndani akiwa hajui yeye ni nani kwa nani.

Tunaandika kwa sababu Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa hapa Tanzania Desemba 2021, imesimama juu ya mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. La tatu ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Uliza kituoni malezi yenye mwitikio ni nini, na mara nyingi utaonyeshwa bembea, midoli na picha za wanyama ukutani. Hivyo ni vifaa vya kujifunzia. Kuitikia ni kazi ya mtu.

Tuanze na mtoto wa miezi minne aliyepakatwa na bibi yake. Mama anamsemea mtoto, tena kwa sauti nyembamba ya kitoto: "Bibi, shikamoo!" Bibi anaitikia, "Marahaba mume wangu, umeamkaje? Umenyonya?" Mtoto anarusha miguu. "Ahaa, umenyonya umeshiba, nimekuona." Ni mazungumzo kamili yenye zamu nne, na zamu moja ni ya mtu asiyejua neno hata moja. Teke lake limehesabiwa kuwa jibu. Amesemewa "mimi" miaka miwili kabla ya kulitamka, na amepewa nafasi yake katika ukoo, kwani huyo bibi atamtania kwa "mume wangu" mpaka ndevu zimwote. Kama amepewa jina la babu yake mzaa mama, mama naye atamwita "baba, njoo ule". Hivyo mtoto mmoja anakuwa mume kwa bibi, baba kwa mama, mdogo kwa kaka, mwana kwa jirani. Hachanganyikiwi hata kidogo. Anajifunza kwamba yeye ni mtu wa watu, na kila mmoja wao ana namna yake ya kumwita na ya kumngoja aitike.

Zamu ikikatika, mtoto anajua mara moja. Mwaka 1978 Edward Tronick na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio lililokuja kujulikana duniani kote. Mama anacheza na mtoto wake mchanga kama kawaida, kisha kwa dakika chache anamtazama kwa uso mkavu, bila tabasamu wala sauti. Mtoto hutabasamu kumvuta mama, hungoja, hujaribu tena, kisha hugeuza uso na mwili kama aliyekata tamaa. Hakuna aliyempiga, na maziwa yapo. Kilichoondoka ni jibu tu. Mlezi anayemnyonyesha mtoto chupa huku macho yake yako kwenye simu anampa mtoto uso huohuo, mara nyingi kwa siku, na hakuna anayeona kosa kwa sababu chupa inaisha.

Jibu likikosekana kwa miezi na miaka, hasara yake imepimwa. Baada ya utawala wa dikteta Nicolae Ceaușescu kuanguka Romania mwaka 1989, dunia iliona nyumba za watoto ambamo mlezi mmoja alihudumia watoto wengi kwa ratiba: saa ya kula, saa ya kubadilishwa nguo, saa ya kulala. Mwaka 2000 watafiti walianza kufuatilia watoto 136 katika nyumba za Bucharest. Nusu walipangiwa kwa kura kwenda kwa familia za kambo, yaani familia zilizojitolea kuwalea, nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya huko. Waliopelekwa kwenye familia walinufaika katika akili na katika uwezo wa kumtegemea mtu, na waliohama kabla ya kutimiza miaka miwili kwa kawaida ndio walionufaika zaidi. Vituo vyetu vya mchana si nyumba hizo, na mtoto anarudi kwao jioni. Lakini mtoto anayefika kituoni saa 12 asubuhi na kuchukuliwa saa 12 jioni anatumia karibu muda wake wote wa kuwa macho hapo. Atakayemjibu ni nani?

Sasa tuje kwenye lugha yetu, maana hapa Kiswahili kina hazina ambayo shule inaikalia bila kuitumia.

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu husema "taka maji", kitenzi kitupu kisicho na mwenyewe. Baadaye anajitaja kwa jina, "Asha anataka maji", kwa sababu ndivyo anavyosikia wengine wakimtaja. Ugumu uko kwenye kile kiambishi kidogo cha mwanzo. Mama anamuuliza "unataka maji?" na yeye hawezi kurudisha neno kama alivyolipokea. Lazima atoe u- aweke ni-, aseme "ninataka" au "nataka" ya kila siku. Ndiyo maana utamkuta mtoto wa miaka miwili ananyoosha kikombe na kusema "unataka maji" akimaanisha yeye mwenyewe. Hajakosea kwa ujinga. Bado hajashika kwamba "mimi" halikai kwa mtu mmoja, linahama kutoka mdomo hadi mdomo: kila anayesema ndiye "mimi" wakati huo. Usimcheke, wala usimwambie "siyo hivyo". Mrudishie kwa uchangamfu, "Unataka maji, eeh? Nataka maji! Haya, maji haya hapa," kisha mpe. Baada ya wiki kadhaa za kurudishiwa hivyo atageuza mwenyewe.

Na zoezi bora kuliko yote la ugeuzaji huo ni salamu. "Hujambo?" "Sijambo." Tazama kilichofanyika: hu- imekuja, si- imerudi. Mtoto hawezi kuitika kwa kukariri alichosikia, inambidi ajiweke mwenyewe ndani ya neno. Ongeza "shikamoo" na "marahaba", ambazo zinamwonyesha yuko wapi kwa umri na heshima, na una somo zima la nafsi ndani ya sekunde tano.

Sasa ingia darasa la awali lenye watoto 90. Mwalimu anaingia, wote wanasimama. "Shikamoo mwalimu!" "Marahaba, hamjambo?" "Hatujambo!" Kaeni chini. Salamu imekwisha kwa watu 90 kwa mkupuo. Hatuna ugomvi na "hatujambo", maana kujua kwamba u mmoja wa kundi nako ni kujijua. Tatizo ni pale "hatujambo" inapokuwa salamu pekee ya mwaka mzima. Yule mpole wa nyuma anaweza kufungua mdomo bila sauti kuanzia Januari hadi Novemba na asigundulike. Hajawahi kusema "sijambo" shuleni kwa sababu hakuna aliyemuuliza "hujambo".

Tunapendekeza salamu ya mlangoni. Mwalimu asimame mlangoni dakika chache kabla ya kipindi cha kwanza, achuchumae au akae kwenye kigoda ili macho yake yalingane na ya mtoto. Mtoto atoe shikamoo. Mwalimu aitikie kwa jina, "Marahaba Neema, hujambo?" kisha anyamaze na kuhesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu. Apokee jibu lolote: neno, kutikisa kichwa, hata macho. Jibu lisilo na maneno alitafsiri kwa sauti, "Neema ameniitikia kwa kichwa, karibu ndani." Sekunde tano kwa kila mtoto, kwa watoto 90, ni sekunde 450, yaani dakika saba na nusu. Mwongozo wa serikali unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25 katika darasa la awali. Wengi hatuna idadi hiyo, lakini dakika saba na nusu tunazo.

Kimya kile cha sekunde tatu ndicho kinachowashinda wengi. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alipima madarasa ya Marekani na kukuta walimu wakishauliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kuuliza tena au kujijibu. Waliposubiri sekunde tatu, majibu yalirefuka na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema. Kwa mtoto wa miaka minne anayegeuza hu- kuwa si- kichwani mwake, sekunde moja haitoshi.

Salamu hii inaharibikia sehemu tatu hivi. Kwanza, mzazi anajibu badala ya mtoto: "Hajambo, mwalimu, ila anakohoa." Mshukuru, kisha umrudie mtoto. Pili, aliyechelewa anapokewa kwa ukali badala ya salamu. Mtoto wa miaka mitano hajicheleweshi. Msalimie, umwingize, la kuchelewa lizungumzwe na aliyemleta. Tatu, na hili ndilo baya zaidi, mwalimu hajui jina. "Wewe", "yule wa sweta jekundu", "we mfupi". Siku ya kuandikishwa mwulize mzazi mambo manne na uyaandike kwenye kadi: nyumbani anaitwaje, anashinda na nani, anaongea lugha gani, na akitaka kwenda chooni husemaje. La nne linaonekana dogo, lakini anayejikojolea mbele ya wenzake kwa sababu mwalimu hakuelewa neno lake atalibeba hilo kwa muda mrefu. Mtoto aliyelelewa kwa Kisukuma au Kigogo alijifunza kuwa mtu kwa lugha hiyo. Mwalimu anayejua tu "mwangaluka" au "mbukwenyi" amemwambia kwamba yule Neema wa nyumbani ameruhusiwa kuingia shuleni naye. Mtoto kiziwi vilevile: salamu yake ni mkono na uso ulio mbele yake, na mwalimu ajifunze ishara ya salamu kabla ya ishara nyingine yoyote.

Baada ya salamu, kila mtoto apate mazungumzo yake. Kwa darasa la 90, chagua watoto tisa kwa siku, dakika mbili kila mmoja, wenzao wakiwa kwenye kona zao za kuchora na kujenga. Ni dakika 18 kwa siku, na kwa siku kumi za masomo umewamaliza wote. Usimuulize "umekula?" ambalo jibu lake ni ndiyo. Muulize "jana jioni ulikaa na nani?" Akisema "na dada", ongeza kitu kimoja ulichokisikia na umrudishie: "Ulikaa na dada. Mkafanya nini?" Wazazi wafanye hivyohivyo jioni. Mtoto hujifunza kuwa na jana, yaani kuwa mtu yuleyule aliyekuwepo jana na atakayekuwepo kesho, kwa kusaidiwa kuisimulia. Runinga ya katuni haiwezi kazi hiyo. Inasema sana, lakini haijui kama mtoto amejibu.

Hapa tuwatahadharishe wazazi kuhusu kipimo cha kioo. Ni kipimo cha kweli: mwaka 1972 Beulah Amsterdam alichapisha utafiti ambamo watoto walipakwa rangi puani bila kujua kisha wakawekwa mbele ya kioo. Huko Marekani wengi huanza kugusa pua yao wenyewe kati ya miezi 18 na 24, na hilo huchukuliwa kuwa dalili ya kujitambua. Lakini kipimo hicho kilipopelekwa Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, kati ya watoto 82 wenye umri wa miezi 18 hadi miaka sita ni wawili tu waliogusa alama. Wengi waliganda wakijitazama. Je, mtoto wa Kenya wa miaka mitano hajijui? Anatumwa dukani na kurudisha chenji! Watafiti wenyewe hawakusema hivyo. Mtoto aliyezoea kumsubiri mkubwa aongoze akikuta alama usoni, na mtu mzima mgeni amekaa pembeni, hungoja aambiwe la kufanya. Utafiti mwingine ulilinganisha watoto wa Uskochi na wa Zambia. Kwenye kioo wa Uskochi waliongoza. Kisha wakapewa kigari cha kusukuma kilichofungwa kwenye mkeka waliosimama juu yake, ambacho hakiendi mpaka mtoto atambue kwamba mwili wake ndio kizuizi na ashuke. Hapo wa Zambia wakafanya vizuri zaidi. Mtoto anayebebwa mgongoni na kuelekezwa "sogea, pisha, shika hapa" huujua mwili wake kati ya miili ya wengine. Anayekalishwa na kusemeshwa uso kwa uso huujua uso wake. Kila mmoja amejijua kwa njia aliyojibiwa. Mzazi asimpake mwanawe lipstiki puani kisha akalala na wasiwasi.

Kioo chenyewe kilitumiwa mapema zaidi kama mfano. Charles Horton Cooley, mwanasosholojia Mmarekani, aliandika mwaka 1902 kwamba tunajiona kwa hatua tatu: tunawaza jinsi tunavyoonekana kwa mwenzetu, tunawaza anatuhukumu vipi, kisha tunaona fahari au aibu. Weka hilo jikoni. Mtoto wa miaka mitatu amemwaga uji. Anachofanya kwanza si kutazama uji, anatazama uso wa mama. Ukisema "umemwaga uji, leta kitambaa tupanguse", umehukumu tendo, na tendo lina dawa. Ukisema "wewe mzembe", umempa jina, na jina halipanguswi kwa kitambaa. Kiswahili kinatusaidia kuiona tofauti: u-me-mwaga ni kitu kilichotokea, wewe ni mzembe ni kitu alicho. Hata sifa zina mtego huo. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha kwamba watoto waliosifiwa kwa kuwa na akili, walipokutana na maswali magumu wakashindwa, walikata tamaa upesi kuliko waliosifiwa kwa bidii. "Una akili!" ni tamu mdomoni, lakini "umejaribu mara tatu mpaka imesimama" ndiyo inayomwachia cha kufanya kesho. Majina ya mwili, bonge, kibogoyo, cheusi, yaachwe kabisa shuleni. Utani wa bibi unabebwa na mapenzi ya miaka. Wa mwalimu hauna kinachoubeba.

Mengine yanafanywa na watoto wenyewe, tukiwapa nafasi. George Herbert Mead, mwanafalsafa aliyefundisha Chicago hadi kifo chake mwaka 1931, alitenganisha kuigiza na kucheza kwa kanuni. Katika kupikapika, mtoto wa miaka minne ni mama, kisha anakuwa mgonjwa, kisha daktari, mmoja baada ya mwingine. Rede ni kitu kingine. Aliye katikati anakwepa mpira wa soksi huku akijaza mchanga kwenye chupa, wawili wanamlenga kutoka pande mbili, wenzake wanangoja zamu. Ili asipigwe lazima awe na mawazo ya mrushaji wa mbele, ya mrushaji wa nyuma, na sheria yote, kwa wakati mmoja. Hapo ndipo mtoto anajifunza kujitazama kwa macho ya kundi zima. Tunaona shule za mijini zikiwa na uwanja uliosakafiwa kwa maegesho, na muda wa mapumziko ukikatwa kwa ajili ya masomo ya ziada ya watoto wa miaka mitano. Rudisheni nusu saa hiyo. Mwalimu akae pembeni, asiwaamulie kila ugomvi. "Umepigwa!" "Sijapigwa!" ni mabishano yenye faida wakiyamaliza wenyewe.

Kwa maafisa ustawi wa jamii wanaokagua vituo, na wathibiti ubora wa shule: fomu zenu zinauliza ukubwa wa chumba, maji, vyoo, uzio. Tunaomba muongeze kitu kimoja. Kaa kimya kwenye kona dakika 20. Chagua mtoto mmoja, usichague mchangamfu wala anayelia, chagua yule ambaye jicho lako lilimpita ulipoingia. Hesabu ameitwa kwa jina mara ngapi, ameulizwa kitu na kusubiriwa mara ngapi, na alipotoa sauti au kunyoosha mkono amejibiwa mara ngapi. Kisha rudia kwa mtoto wa pili. Iandikeni idadi hiyo kwenye fomu, jirani na idadi ya vyoo, na mwisho wa ukaguzi msomeeni mlezi mwenyewe.

Ni sisi,
Walimu wa darasa la awali na walezi wa vituo vya mchana,
Morogoro